Moduli na Kontena: Historia ya Programu Zinazotunza Habari za Wagonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Bariadi na Mkoa wa Simiyu

(Kiongozi wa darasa: kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya manne: programu, moduli, kontena, hifadhi. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Sogeeni karibu na redio, na wenye madaftari wafungue ukurasa mpya.

Somo letu la leo ni la historia. Tutasoma habari za watu waliotafuta njia ya kurekebisha programu ya kompyuta bila kuharibu kazi ya wale wanaoitegemea. Historia hii ina umri wa miaka thelathini hivi tu, na sehemu yake moja kubwa imetendeka hapa kwetu Afrika Mashariki.

Pengine mtu atauliza, "Mimi ni mkulima wa pamba, kompyuta yanihusu nini?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu. Ukienda zahanati, Nkololo au Dutwa, jina lako huandikwa kitabuni. Kuna kitabu cha wagonjwa wa nje, kuna kitabu cha wajawazito, kuna kitabu cha watoto. Vitabu hivyo ni vya MTUHA, navyo vilienezwa nchini katika miaka ya 1990. Hesabu zake hujumlishwa, hupelekwa wilayani, na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Basi hesabu ya watoto waliochanjwa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega hupita ndani ya programu ya Java. Tena ziko hospitali ambazo siku hizi huandika habari za mgonjwa moja kwa moja katika kompyuta. Programu ikisimama, mgonjwa husubiri. Habari zikipotea, daktari hajui mgonjwa alipewa dawa gani mwezi uliopita.

Kwa hiyo leo tuna swali moja la kujibu. Programu ikihitaji kubadilishwa, je, tubadilishe kipande kimoja huku inafanya kazi, au tuiondoe yote na kuweka nyingine nzima?

1. JAVA NA VIPANDE VYAKE

Kwanza, programu ni nini? Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Mtu huyaandika kwa lugha maalumu, na Java ni moja ya lugha hizo. Ilitolewa kwa watu wote mwaka wa 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na aliyeongoza kazi hiyo ni James Gosling. Sifa yake kubwa ilikuwa hii: programu ikiandikwa mara moja, iliweza kufanya kazi katika kompyuta za aina nyingi. Sababu ni kwamba Java ina mkalimani wake. Mkalimani huyo huitwa mashine ya Java. Hukaa kati ya programu na kompyuta, na kila kompyuta huwa na mkalimani anayeijua.

Programu zikawa kubwa. Na programu kubwa ni kama nyumba ya vyumba mia: ukitaka kurekebisha mlango mmoja, ni taabu kuwatoa watu wote nje. Mwezi wa Machi mwaka wa 1999 makampuni kadhaa yaliungana na kuunda chama kilichoitwa OSGi. Walikuwa wanafikiria vyombo vidogo vya kuwekwa majumbani, vyombo ambavyo hukaa vimewashwa usiku na mchana na fundi yuko mbali. Wakaweka kanuni ya kuigawa programu ya Java katika mafurushi. Kipande kama hicho, chenye kazi yake na mipaka yake, ndicho tunachokiita moduli.

Sheria ya OSGi ilisema kwamba kila furushi linaweza kuingizwa, kuanzishwa, kusimamishwa, kubadilishwa kwa jipya, na kuondolewa. Na mambo hayo yote matano yaliweza kufanywa huku programu nyingine inaendelea na kazi.

Tuchukue mfano wa kulima. Mkulima amefunga ng'ombe wanne kwenye plau. Katikati ya shamba, ng'ombe mmoja anaanza kuchechemea. Desturi yetu ni kuwasimamisha wote, kumfungua yule mmoja, kumfunga mwingine, kisha kuendelea. Watu wa OSGi walitaka nira ya namna nyingine: ng'ombe mmoja atolewe na mwingine aingie, na wale watatu wasiache kuvuta.

Ilikuwa kazi ya akili sana, nayo ilifaulu. Mwaka wa 2004 programu ya mafundi iitwayo Eclipse ilijengwa upya juu ya kanuni hiyo, na mafundi wengi duniani wakaijua. Lakini ugumu ulikuwapo. Mara nyingine ng'ombe aliyetolewa alibaki amefungwa kwa kamba moja iliyosahauliwa. Maana yake, moduli nyingine iliendelea kumshika yule wa zamani, naye akaendelea kukalia nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Mambo kama hayo yakirudiwa mara nyingi, kumbukumbu hujaa na programu nzima huanguka.

2. MOSORIOT NA ELDORET

Sasa tuje nyumbani. Katika nchi ya Kenya, kusini ya mji wa Eldoret, kiko kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka wa 2001 kituo hicho kilianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta. Kazi ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo wa kwanza ulikuwa mdogo, nao ulitosha kwa kituo kimoja. Lakini kazi ya kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI ilipokua, wagonjwa wakawa maelfu na vituo vikawa vingi. Mfumo ule mdogo ukaelemewa.

Mwaka wa 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana wanaojua pia kazi ya kompyuta, walifika Eldoret na kuona shida hiyo. Badala ya kutengeneza dawa ya kituo kimoja tu, walianza kubuni mfumo ambao nchi yoyote ingeweza kuutumia bila kuununua. Wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, na Chris Seebregts wa Afrika ya Kusini. Mfumo huo waliuita OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ukaingia Rwanda.

OpenMRS umeandikwa kwa Java. Haukuchukua kanuni za OSGi zenyewe, lakini ulifuata fikra ile ile. Kuna kiini, na kuna moduli. Kiini hujua mambo ambayo kila hospitali inayo: mgonjwa, siku aliyofika, ugonjwa, dawa. Moduli huongeza mambo ya mahali. Kituo kinachotaka fomu za wajawazito huweka moduli yake. Kinachotaka ripoti za Serikali yake huweka nyingine. Fundi aliingia katika ukurasa wa usimamizi, akachagua faili la moduli, akalipandisha, na mfumo ukaipokea. Mara nyingi ulisimama kidogo kujipanga, kisha ukaendelea.

Njia hii ilizaa matunda. Kenya ilianza kueneza mfumo wake wa KenyaEMR mwaka wa 2012, ukafika katika mamia ya vituo. Uganda wana UgandaEMR. Hapa Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejenga mfumo wa hospitali uitwao iCare. Yote mitatu imesimama juu ya OpenMRS.

Lakini sikilizeni shida iliyojitokeza. Fikirini vituo viwili vilivyopewa mfumo mmoja siku moja. Katika kituo cha kwanza fundi aliongeza moduli mbili. Katika kituo cha pili fundi mwingine aliongeza tatu, akaondoa moja, akabadilisha mkalimani wa Java. Hakuna aliyeandika. Baada ya mwaka mmoja vituo hivi viwili havifanani tena. Moduli mpya inafanya kazi huku, kule inakataa. Na yule fundi aliyejua sababu amekwisha hamishiwa wilaya nyingine. Ujuzi wote ulikuwa kichwani mwake, naye ameondoka nao.

3. KONTENA

Neno kontena mnalijua. Ni lile sanduku kubwa la chuma mnaloliona juu ya malori yatokayo bandarini Dar es Salaam. Historia yake ni fupi. Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa na makontena 58. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, mtu wa malori. Kabla ya hapo wapagazi walipakua gunia moja moja na sanduku moja moja. Kwa kontena, mzigo hufungwa mara moja kiwandani, na hakuna anayeugusa mpaka ufike. Winchi haiulizi ndani mna nini. Yaangalia sanduku tu, maana masanduku hufuata vipimo vilivyokubaliwa.

Mafundi wa kompyuta waliiga fikra hiyo. Tangu mwaka wa 2008 mfumo wa Linux, ambao huendesha kompyuta nyingi kubwa duniani, ulikuwa na njia ya kuipimia kila programu sehemu yake ya kumbukumbu na ya nguvu za mashine. Mwaka wa 2013 kikatolewa chombo kiitwacho Docker, kilichoifanya kazi hiyo kuwa rahisi. Mwaka wa 2014 kampuni ya Google ikatoa chombo cha kusimamia makontena mengi pamoja. Kikaitwa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa meli.

Kontena la programu hufanyaje kazi? Fundi, akiwa katika karakana yake, hukusanya kila kitu ambacho programu inahitaji: mkalimani wa Java wa toleo fulani, kiini, moduli zote na mipangilio yake. Huvifunga vyote pamoja kuwa nakala mama. Nakala mama ikishafungwa haibadilishwi. Popote inapopelekwa, Eldoret au Bariadi, huzaa kontena la namna ile ile. Ikitakiwa kubadilishwa, fundi hutengeneza nakala mama mpya, kontena la zamani huondolewa, na jipya huwekwa mahali pake.

Turudi shambani kwetu. Mtu wa kontena habadilishi ng'ombe mmoja. Huleta kundi jipya kamili, pamoja na nira yake, minyororo yake na plau yake, vyote vikiwa vimejaribiwa nyumbani. Kundi la zamani hufunguliwa na kuondoka shambani.

4. DESTURI MBILI ZAKUTANA

Basi desturi hizi mbili zilipokutana, kulitokea nini? Yako mambo manne ya kuyashika.

La kwanza ni kubadilisha ndani ya kontena. Fundi aliyezoea desturi ya kale aliingia katika mfumo uliomo ndani ya kontena, akapandisha moduli mpya. Ilifanya kazi vizuri. Baadaye kontena likaondolewa na jipya likazaliwa kutoka nakala mama. Ile moduli haikuwamo! Aliiweka ndani ya kitu ambacho desturi yake ni kutupwa. Kwa sababu hii, mahali penye kontena, ule uwezo wa kubadilisha moduli wakati wa kazi umepoteza sehemu kubwa ya faida yake.

La pili ni kumbukumbu. Java ya zamani, isipoambiwa mpaka wake, ilitazama kumbukumbu ya mashine nzima na kujiruhusu kutumia hata robo yake. Tupige hesabu. Mashine ina gigabaiti 16. Robo yake ni gigabaiti 4. Lakini kontena limepewa gigabaiti 1 tu. Java haikuuona mpaka huo. Ilikuwa kama mgeni aliyepewa chumba kimoja, naye akahesabu chakula cha nyumba nzima kuwa chake. Ilipovuka gigabaiti 1, Linux iliizima ghafula, bila onyo. Kosa hili lilirekebishwa katika Java ya 10, iliyotoka mwezi wa Machi 2018, na mwaka huo huo rekebisho likapelekwa pia katika Java ya 8, ambayo wengi walikuwa wakiitumia.

La tatu ni saa ya kuunganisha. Wako waliodhani kwamba kontena litaziua moduli. Sivyo ilivyokuwa. OpenMRS wa toleo la 3 hutolewa katika makontena manne: la mlango, la kurasa anazoziona mhudumu, la programu ya Java, na la hifadhi ya habari. Ndani ya lile la Java moduli ziko bado, nyingi sana. Kilichohama ni saa na mahali pa kuziunganisha. Zamani ziliunganishwa kituoni, mgonjwa akiwa benchi. Sasa huunganishwa karakanani, zikajaribiwa pamoja, ndipo zikatumwa. Na kila kilichowekwa kimeandikwa katika orodha ambayo fundi mwingine aweza kuisoma. Moduli bado ni njia njema ya kugawana kazi: mtu wa Kampala atengeneze hii, mtu wa Nairobi ile, mtu wa Dar es Salaam nyingine, bila kukanyagana.

La nne latuhusu sana sisi wa Simiyu. Furushi moja la moduli huwa dogo, pengine megabaiti chache. Nakala mama ya kontena huweza kufika mamia ya megabaiti. Mahali penye intaneti ya kasi hiyo si taabu. Mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua na umeme hukatika, ni mzigo mzito. Hapo desturi ya kale ilikuwa na haki yake. Dawa ipo, lakini lazima ipangwe mapema. Nakala mama hujengwa kwa matabaka, kama matofali ya ukuta. Matabaka ya chini yakiisha kufika, hayaletwi tena; huletwa lile lililobadilika tu. Tena nakala mama huweza kubebwa katika flashi kutoka mjini mpaka kituoni. Na kituo chenye mashine moja hufanya badiliko hilo saa ambazo wagonjwa ni wachache, kwa maana mfumo wa Java wenye moduli nyingi huchukua dakika kadhaa kuamka.

5. HIFADHI

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Katika mfano wetu tumezungumza juu ya ng'ombe, nira na plau. Hatujazungumza juu ya shamba. Shamba ndilo habari za wagonjwa. Kundi la ng'ombe laweza kwenda na jingine likaja, lakini shamba ni lile lile, na mimea iliyomo ni ile ile.

Tuchukue mfano wa mama mjamzito. Mwezi wa tatu alipimwa damu, ikaonekana ana virusi, akaanza dawa. Mwezi wa tano alibadilishiwa dawa moja kwa sababu ile ya kwanza ilimdhuru. Mwezi wa sita fundi alibadilisha kontena. Ikiwa habari za mama huyu ziliwekwa ndani ya kontena lile lile la programu, zimekwenda nalo. Mwezi wa saba atafika, na mhudumu hataona kwamba dawa ile ya kwanza ilimdhuru. Aweza kumpa tena. Kosa la karakanani limefika mwilini mwa mtu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: hifadhi ya habari ikae nje ya kontena, mahali palipotengwa katika diski ya mashine, na kontena lipewe mlango wa kuifikia tu. Kontena likitupwa, hifadhi hubaki. Tena ifanywe nakala ya akiba na kuwekwa katika chombo kingine, mbali na mashine hiyo, maana diski nayo huungua, na mwizi hachagui.

Mtaona kwamba desturi ya moduli haikulazimisha watu kufikiri hivi. Mashine ilikuwa moja, ikakaa miaka, na kila kitu kilikuwa humo: programu, marekebisho na habari, vyote vimechanganyika. Kontena limewalazimisha watu kujiuliza, kabla ya kufunga mzigo, kipi ni cha kubadilishwa na kipi ni cha kutunzwa. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, nayo haipatikani bure. Asiyejiuliza swali hilo hupata hasara upesi kuliko zamani.

6. TUKUMBUKE

Java ilitolewa mwaka wa 1995. Chama cha OSGi kiliundwa mwaka wa 1999, kikaonyesha jinsi moduli zinavyoweza kubadilishwa huku kazi inaendelea. OpenMRS ulianza kubuniwa mwaka wa 2004 kwa ajili ya Eldoret, ukaitumia fikra ya moduli katika hospitali za Afrika Mashariki. Docker ilikuja mwaka wa 2013, na desturi ikageuka: moduli huunganishwa karakanani, na kontena zima hubadilishwa.

Ndugu wanafunzi, wengi wenu hamtakuwa mafundi wa kompyuta. Lakini wamo kati yenu wajumbe wa kamati za zahanati. Siku mtakapoletewa mfumo mpya, mnayo haki ya kuuliza maswali matatu. Habari zetu zinakaa wapi? Nakala ya akiba iko wapi? Na fundi huyu akihamishwa, nani mwingine anajua kilichowekwa humu? Mtu aliyefanya kazi yake vizuri hatachukia kuulizwa.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Moduli ni nini? Eleza kwa mfano wa ng'ombe wa nira.
2. Kwa nini vituo viwili vilivyopewa mfumo mmoja huweza kuacha kufanana?
3. Mashine ina gigabaiti 8. Robo yake ni ngapi? Je, Java ya zamani ingetosha katika kontena la gigabaiti 1?
4. Taja faida moja na taabu moja ya kontena kwa kituo kilicho mbali na mji.
5. Andika sentensi mbili kueleza kwa nini hifadhi ikae nje ya kontena.

Kiongozi wa darasa, wape wanafunzi nusu saa ya kuzungumza kabla ya kuandika. Kwaherini.